Mtaa Unavyoonekana: Uzoefu wa Kupima Hisia za Wapita Njia

Mtaa wa mji una sura mbili zinazoweza kupimwa. Moja ni ya mhandisi: upana wa barabara, idadi ya magari kwa saa, kina cha mtaro, umbali kati ya nguzo moja ya taa na nyingine. Nyingine ni ya mkazi na mpita njia: kama mtaa unatisha au unatuliza, kama unamvuta mtu aketi barazani au unamhimiza apite haraka bila kugeuka nyuma. Sura ya kwanza imepimwa tangu barabara zilipoanza kujengwa. Ya pili iliachiwa waandishi wa riwaya na wazee wa mtaa hadi katikati ya karne ya 20, na mpaka leo ofisi nyingi za mipango miji huiweka kando kama maoni tu. Ni hasara kubwa, kwa sababu sura hiyo ya pili ndiyo inayoendesha maisha ya mji. Binti anayezunguka mbali ili akwepe uchochoro, mzazi anayemkataza mtoto kucheza nje, mwenye duka anayefunga kabla ya magharibi, wote wanaufuata mtaa wanaouona, si mtaa uliochorwa kwenye ramani ya halmashauri.

Kazi ya kuichunguza sura hiyo kwa utaratibu inahusishwa zaidi na Kevin Lynch, mwalimu wa mipango miji katika chuo cha MIT, Marekani. Kitabu chake cha mwaka 1960, The Image of the City, kilitokana na mahojiano na wakazi wa Boston, Jersey City na Los Angeles. Waliombwa wachore mji wao kwa kumbukumbu, waeleze safari ya kutoka nyumbani hadi kazini, na wataje vitu vinavyowajia kwanza akilini. Katika majibu yao Lynch aliona vitu vitano ambavyo watu hutumia kuushika mji kichwani: njia, kingo, maeneo, makutano na alama. Waliohojiwa walikuwa wachache, kama 30 Boston na 15 katika kila mmoja wa miji mingine miwili, lakini alichokigundua kinaonekana hata mahali ambapo utafiti wake haukufika. Dar es Salaam huelekezwa kwa alama kuliko kwa majina ya mitaa. Mgeni huambiwa ashuke Sinza Makaburini, Ubungo Mataa au Magomeni Mapipa, kisha aulize penye msikiti au duka la dawa. Ramani hiyo haijachapishwa na ofisi yoyote, na kila siku inawafikisha watu waendako.

Lynch aliuliza watu wanaukumbukaje mji. Donald Appleyard, aliyewahi kufanya kazi naye, aliuliza swali gumu zaidi: barabara inawafanyia nini watu wanaoishi kando yake? Utafiti wake wa San Francisco, uliofanywa mwaka 1969 na kuchapishwa mwaka 1972 pamoja na Mark Lintell, unastahili kusomwa na kila anayesimamia ujenzi wa barabara mjini. Ilichaguliwa mitaa mitatu ya jirani iliyofanana kwa mengi isipokuwa wingi wa magari. Octavia ulipitisha magari kama 2,000 kwa siku, Gough kama 8,700, na Franklin karibu 16,000. Wakazi waliulizwa wana marafiki na watu wa kujuana nao wangapi katika mtaa wao, kisha wakaombwa wachore kwenye ramani eneo wanaloliona kuwa nyumbani kwao.

Mkazi wa Octavia alikuwa na marafiki 3.0 kwa wastani mtaani kwake na watu wa kujuana nao 6.3. Mkazi wa Franklin alikuwa na marafiki 0.9 na watu wa kujuana nao 3.1. Gough ulikuwa katikati. Michoro ilieleza zaidi ya hesabu. Wa Octavia walizungushia mtaa mzima, upande huu na upande wa pili, kuwa ni kwao. Wa Franklin waliishia kwenye jengo lao, na wengine walihamia vyumba vya nyuma ili kelele zisiwafikie. Barabara ilikuwa imewanyang'anya kibaraza bila kubomoa tofali hata moja. Utafiti kama huo ulirudiwa Bristol, Uingereza, mwaka 2008, na picha iliyopatikana ilikuwa ileile: magari yanapoongezeka, ujirani hupungua. Appleyard alikusanya kazi yake katika kitabu Livable Streets cha mwaka 1981. Mwaka uliofuata aligongwa na gari lililokuwa likienda kasi jijini Athens, akafa.

Nguvu ya utafiti huo ilikuwa katika kuigeuza hisia iwe namba bila kuipotezea maana. Mkazi akisema kwamba barabara imemtenga na jirani yake, mhandisi anaweza kumsikiliza kwa heshima na kuendelea na kazi yake. Marafiki 3.0 dhidi ya 0.9 ni jambo linaloingia kwenye jedwali moja na gharama za lami, na hapo halikwepeki kirahisi. Miji ya Afrika Mashariki, ambayo katika miaka hii inapanua barabara kwa kasi na kuweka vivuko vya juu ambavyo mzee mwenye goti bovu hawezi kuvipanda, ilihitaji namba za namna hii kabla ya greda la kwanza kuwasha injini.

William Whyte, mtafiti wa maisha ya mijini, alipita njia nyingine. Katika miaka ya 1970 yeye na wasaidizi wake walitega kamera juu ya viwanja vya wazi vya New York, wakahesabu nani anakaa wapi na kwa muda gani. Waliona kwamba watu husema wanatafuta mahali pa kuepuka msongamano, kisha huenda kukaa penye watu wengi. Waliona pia kwamba watu wawili wakikutana kwenye njia ya miguu, husimama kuzungumza katikati kabisa ya mkondo wa wapita njia. Kwa hiyo kusikiliza kauli peke yake hakutoshi; lazima kuwe na macho ya kutazama mwenendo.

Kazi hizo zote zilikuwa na kikwazo kimoja: ukubwa. Mahojiano ya watu 30 au kamera ya kiwanja kimoja haviwezi kuueleza mji wa watu milioni kadhaa. Kikwazo hicho kilianza kulegea mwaka 2007, Google ilipozindua huduma yake ya picha za barabarani, Street View, kwa miji mitano ya Marekani. Gari lenye kamera juu ya paa lilipita mtaa baada ya mtaa likipiga picha pande zote, na ghafla kukawa na mamilioni ya picha za barabara zenye alama ya mahali zilipopigwa. Kilichobaki kilikuwa kutafuta njia ya kuwauliza watu wengi wanazionaje.

Njia hiyo ilitengenezwa mwaka 2011 katika maabara ya MIT Media Lab, katika mradi ulioitwa Place Pulse, ulioongozwa na Phil Salesses, Katja Schechtner na César Hidalgo. Ulikuwa mchezo mwepesi wa kwenye intaneti. Skrini ilionyesha picha mbili za barabara, na juu yake swali moja: ni mahali papi panaonekana salama zaidi? Mtu alibonyeza picha ya kushoto, ya kulia, au alama ya sawasawa, kisha jozi nyingine ikaja. Maswali mengine yaliuliza ni papi panaonekana pa watu wa tabaka la juu na ni papi pana upekee.

Sababu ya kutumia jozi ni ya msingi. Mtu akiulizwa ampe mtaa alama kati ya 1 na 10, saba ya huyu si saba ya yule, na saba yake ya asubuhi si ya jioni. Akiulizwa achague kati ya viwili, hujibu haraka na bila kuhangaika na vipimo. Mamia ya maelfu ya chaguo hizo hugeuzwa kuwa alama kwa kanuni inayofanana na msimamo wa ligi, ila yenye haki zaidi: picha iliyoishinda picha inayoshinda mara nyingi hupanda zaidi ya ile iliyoishinda dhaifu. Awamu ya kwanza, iliyochapishwa mwaka 2013, ilitumia picha 4,136 za New York, Boston na miji miwili ya Austria, Linz na Salzburg. Walioshiriki walikuwa 7,872 kutoka nchi 91. Miji ya Marekani ilionekana kuwa na tofauti kali zaidi kati ya mitaa inayopendeza na inayotisha kuliko ile ya Austria. Tena, katika New York, sehemu zilizoonekana kuwa za hatari zilihusiana na idadi ya mauaji, hata baada ya kipato, idadi ya watu, eneo na umri kuzingatiwa katika hesabu. Hisia, kwa hiyo, haikuwa ndoto tupu. Ilikuwa imeshika kitu.

Awamu ya pili ilipanuka sana. Ilikuwa na picha 110,988 kutoka miji 56 ya nchi 28, na maswali sita: usalama, uchangamfu, kuchosha, utajiri, huzuni na uzuri. Watu 81,630 walitoa ulinganisho kama milioni 1.17. Afrika iliwakilishwa na miji ya kusini mwa bara, kama Johannesburg, Cape Town na Gaborone. Dar es Salaam, Nairobi, Mombasa na Kampala hazikuwamo.

Mwandishi wa kumbukumbu hizi ni mmoja wa waliobonyeza picha hizo wakiwa Dar es Salaam, kwenye kompyuta ya kukodi kwa saa, na uzoefu huo unaeleza jambo ambalo majedwali hayalionyeshi vizuri. Chaguo hufanyika kwa kasi kubwa. Jicho hushika majani, uzio, nyaya, maandishi ya ukutani na takataka kabla akili haijauliza chochote. Pale palipokuwa na jengo lililovunjika madirisha upande mmoja na bustani upande wa pili, jibu lilikuja lenyewe, na pengine lilikuja hivyohivyo kwa mpiga kura wa Warsaw au wa São Paulo. Lakini zilikuja pia jozi za namna nyingine: upande mmoja barabara pana, safi, yenye nyasi zilizokatwa vizuri na hakuna mtu hata mmoja, upande wa pili barabara iliyobanana, maduka yamefunguliwa, watu wamesimama nje. Kwa mtu aliyekulia Ilala, salama ilikuwa ya pili bila mjadala. Barabara isiyo na mtu haina wa kumwita. Penye kijiwe cha bodaboda, muuza magazeti na mama ntilie pana macho, na mgeni asiyeeleweka huulizwa anatafuta nini. Mwandishi Jane Jacobs aliliandika jambo hilo mwaka 1961 kuhusu New York, kwamba mtaa hulindwa na macho ya watu walio na shughuli zao hapo. Wakazi wa Kariakoo hawakuhitaji kitabu ili kulijua.

Je, mpiga kura aliyechagua barabara tupu alikosea? Hapana. Katika kitongoji cha Marekani ambako kila mtu ana gari, barabara tupu yenye nyasi ni ishara ya watu wenye uwezo na nyumba zinazotunzwa, na mtu aliyesimama nje bila shughuli ndiye anayetiliwa shaka. Kila mmoja aliisoma picha kwa kamusi ya kwao. Hapa ndipo penye kiini cha jambo zima: kura ya mtaa hupima mtaa na humpima pia anayeutazama, na takwimu isiyosema nani aliulizwa, akiwa wapi na saa ngapi haijakamilika, hata iwe na kura milioni. Watafiti wa Place Pulse walilipima hilo katika awamu ya kwanza, na hawakuona kwamba umri, jinsia au mahali alipo mpiga kura vinayageuza matokeo kwa kiasi kikubwa. Lakini waliopiga kura walijichagua wenyewe, walikuwa watu wa intaneti, na picha zilikuwa za miji minne inayofanana kwa mengi. Utafiti wa baadaye uliochapishwa mwaka 2025 na watafiti walioko Singapore uliuliza watu 1,000 wa nchi tano, Nigeria ikiwa mojawapo, huku ukirekodi jinsia, umri, kipato na hata silika zao. Tofauti zilijitokeza, na kompyuta zilizofundishwa kwa kura za Place Pulse zilielekea kuipa mitaa sifa nzuri kupita watu wenyewe walivyoipa.

Kompyuta hizo ndizo hatua iliyofuata. Mwaka 2014 Nikhil Naik na wenzake walitengeneza Streetscore, programu iliyojifunza kutokana na kura za watu wa awamu ya kwanza ni mambo gani ya picha huambatana na alama ya usalama, kisha ikaendelea kutoa alama yenyewe kwa miji 21 ya Marekani. Kazi ambayo ingehitaji wapiga kura wasiohesabika ilifanywa na mashine. Mwaka 2017 kundi hilo, safari hii na mwanauchumi Edward Glaeser, lililinganisha picha za mahali palepale za mwaka 2007 na 2014 katika miji mitano, kuona ni mitaa ipi imeboreka sura. Iliyoboreka zaidi ilikuwa yenye wakazi wengi waliosoma, iliyo karibu na katikati ya mji au na mitaa mingine yenye sura nzuri, na ile iliyokuwa na sura nzuri tangu mwanzo. Mwenye nacho aliongezewa. Huko Italia, Marco De Nadai na wenzake walichukua data za simu za mkononi za Roma na Milano mwaka 2016, wakaona kwamba sehemu zinazoonekana salama zina shughuli nyingi kuliko idadi ya wakazi na umbali kutoka katikati ya mji vingetabiri, hasa kwa wanawake na watu wa zaidi ya miaka 50. Miti na madirisha yanayotazama barabarani vilichangia sura hiyo ya usalama. Huo ni ushahidi mzito kwamba hofu hugawa mji: wapo wanaopita popote, na wapo ambao nusu ya mji imefungwa kwao bila geti.

Pamoja na hayo, mashine haiwezi kujua zaidi ya ilichoambiwa na mwalimu wake, na mwalimu wake alitazama picha. Picha hiyo hupigwa mchana. Hupigwa kutoka juu ya paa la gari, katikati ya barabara, yaani mahali ambapo mtembea kwa miguu hasimami. Nyuso za watu zimefifishwa kwa ajili ya faragha, kwa hiyo haijulikani kama waliosimama pale wanacheka au wanagombana. Hakuna mlio wa muziki wa baa, hakuna harufu ya mtaro, hakuna jua la saa nane. Daniele Quercia na wenzake walijaribu kuziba sehemu ya pengo hilo kwa kutumia maneno ambayo watu huyaandika kwenye mitandao ya kijamii kuchora ramani za harufu na sauti za London na Barcelona, kazi nzuri ambayo inategemea watu wenye simu na bando.

Lipo pia suala la uchache unaojificha ndani ya wingi. Ulinganisho milioni 1.17 una maana kwamba picha zilitokea mbele ya macho ya watu kama mara milioni 2.34. Ukigawa kwa picha 110,988, kila picha ilitazamwa kama mara 21, na ukigawa kwa maswali sita, ni kama mara tatu na nusu kwa swali moja. Kwa mji mzima hiyo inatosha kuona mwelekeo. Kwa mtaa mmoja wenye jina na wakazi haitoshi kutoa hukumu, na rangi nzuri za ramani huficha udhaifu huo kabisa.

Mwandishi alishiriki baadaye katika udodosi wa kawaida katika mitaa ya Manispaa za Ilala na Kinondoni, kazi ya dodoso, kalamu na viatu vyenye vumbi. Huko ilionekana wazi jinsi saa inavyogeuza mtaa. Mtaa wa Kongo, Kariakoo, mchana ni msongamano ambao mwanamke huupita akiwa ameukumbatia mkoba kifuani. Anachokihofia ni vibaka, na hofu hiyo ni ndogo kwa sababu akipiga kelele wapo mamia ya watu. Usiku, maduka yakishafungwa, mahali palepale hofu ni ya aina nyingine. Mkazi akiulizwa kama mtaa wake ni salama, mara nyingi hujibu kwa swali: saa ngapi, na nikiwa na nani? Dodoso lililokuwa na nafasi ya ndiyo au hapana halikuwa na mahali pa kuandika jibu hilo, ambalo ndilo lililokuwa sahihi kuliko yote.

Wanawake walieleza kwa undani zaidi kuliko wanaume. Mwanamume alisema giza. Mama wa makamo alisema ni giza gani: lile la pembeni ya ukuta mrefu usio na mlango, ambako hata taa ikiwekwa inamulika tofali tu na hakuna atakayesikia. Dada wa chuo alitaja muuza chipsi anayekaanga hadi saa nne usiku kuwa ndiye anayeifanya njia ya kutoka kituoni ipitike. Siku asipokuja, yeye hulipa bodaboda kwa umbali ambao angetembea. Nauli hiyo ni kodi inayolipwa na wanawake peke yao, na haimo katika kitabu cha hesabu cha halmashauri yoyote. Wengi walitaja mitaa yenye mageti na kuta ndefu, ambayo kwa picha ingepata alama za juu, kuwa ndiyo wasiyopenda kuipita kwa miguu usiku.

Wamachinga walipoondolewa kando ya barabara za Dar es Salaam mwaka 2021, tofauti kati ya sura ya picha na sura ya mpita njia ilikuwa dhahiri. Njia za miguu zilipata nafasi, na wenye viti vya magurudumu, wazazi wenye watoto mgongoni na wazee walifaidika, hilo halikataliki. Mtaa ulionekana msafi, na kamera ingeusifu. Lakini mahali ambapo meza na taa ndogo za chaji ndizo zilizokuwa zikiuangaza mtaa, usiku ulirudi kuwa usiku. Vipimo viwili vingehitajika, cha mchana na cha usiku, kabla na baada, ili mpango wa kuwahamisha wafanyabiashara uambatane na mpango wa taa.

Njia ya kupata vipimo hivyo ipo, na ina umri mrefu kuliko Place Pulse. Mwaka 1989 taasisi ya METRAC ya Toronto ilianzisha ukaguzi wa usalama unaofanywa na wanawake: kundi la wakazi hutembea njia wanayoitumia kila siku, kwa kawaida baada ya giza kuingia, likisimama kila mahali na kujaza fomu. Je, taa ipo na inawaka? Mtu anaona mbele kwa umbali gani? Akipiga kelele, nani atasikia? Kuna njia ya kukimbilia? Mpango wa Miji Salama wa UN-Habitat, ulioanzishwa mwaka 1996 kwa ombi la mameya wa Afrika, uliichukua njia hiyo, na Manzese, Dar es Salaam, ni miongoni mwa mahali ilipotumika. Mwaka 2013, Delhi, ukaguzi huo uliingizwa kwenye simu kupitia programu ya Safetipin, inayopima mambo kama mwanga, uwazi, uwepo wa watu, njia ya miguu, usafiri wa umma na idadi ya wanawake walioko mahali hapo, na mwisho humuuliza mtumiaji anajisikiaje. Uzuri wa orodha hiyo ni kwamba hisia imewekwa pembeni mwa sababu zake. Alama ya hofu bila sababu humwambia meya kuwa mtaa ni mbaya. Haimwambii anunue nini.

Kwa Dar es Salaam, msingi wa ramani tayari upo. Ramani Huria, iliyoanza mwaka 2015 kwa ajili ya mafuriko, iliwatumia wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na wakazi kuchora nyumba, mitaro na vichochoro ambavyo havikuwa kwenye ramani yoyote, Tandale ikiwa imetangulia tangu mwaka 2011. Nairobi ilikuwa na Map Kibera tangu mwaka 2009. Kazi hizo zilithibitisha kwamba mkazi akipewa kifaa na mafunzo ya siku chache hukusanya data ambayo mtaalamu wa mbali haipati, kwa sababu anajua uchochoro upi unapitika wakati wa masika na upi ni bwawa. Kuongeza maswali ya ukaguzi wa usiku juu ya ramani hiyo ni kazi ndogo ikilinganishwa na ile iliyokwisha kufanyika.

Hatari yake nayo itajwe bila kificho. Katika miaka ya 1930, shirika la serikali ya Marekani la mikopo ya nyumba, HOLC, lilichora ramani za miji zaidi ya 200 na kuipa mitaa madaraja manne. Iliyopakwa nyekundu, ikiwamo mitaa mingi ya watu weusi, ilihusishwa na kunyimwa mikopo kwa miongo iliyofuata. Ramani ya mitaa inayotisha, ikichapishwa ovyo, inaweza kufanya kazi hiyohiyo Tandale au Buguruni: mwenye teksi hakubali kuingia, mwekezaji anageuza gari, na kijana anayeandika anuani yake kwenye barua ya kazi anajuta. Kwa hiyo data ya aina hii haipaswi kutolewa kwa kiwango cha mtaa mzima kama sifa ya wakazi wake. Inatolewa kwa kitu na mahali: nguzo ya tatu kutoka kituoni haina taa, kona ya nyuma ya soko haionekani, kivuko cha mbele ya shule hakina alama. Kitu kilichovunjika kinatengenezeka; sifa mbaya ya mtaa hukaa kizazi kizima.

Katika utekelezaji, utaratibu unaofaa ni wa kawaida. Wakaguzi huchaguliwa ili wawepo wanawake, wazee, watoto wa shule na watu wenye ulemavu, kila kundi likijaza fomu yake, kwa kuwa wastani wa wote huzima sauti ya wachache. Kila njia hupitwa alfajiri, mchana na usiku, na angalau mara moja wakati wa mvua. Picha za barabarani na alama za kompyuta hutumika kuchagua mahali pa kuanzia, si kutoa uamuzi. Matokeo husomwa kwanza katika mkutano wa mtaa, mbele ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa na wakazi, ili walioulizwa wasahihishe kilichoandikwa kwa niaba yao. Kisha hutenganishwa kwa mwenye jukumu: barabara za mitaa na mitaro yake kwa TARURA, barabara kuu kwa TANROADS, nafasi za wafanyabiashara na masoko kwa halmashauri. Baada ya taa kuwekwa au kona kufunguliwa, watu walewale hupita njia ileile saa ileile, na fomu ya pili hubandikwa kando ya ile ya kwanza katika ofisi ya mtaa.